Jinsi ya kupima gharama halisi ya pombe nyumbani
Kwa wiki 4, andika kila chupa siku ileile inaponywewa. Ukisubiri mwisho wa mwezi, nyingi zitasahaulika. Zidisha mililita kwa asilimia ya kilevi, gawanya kwa 100, kisha zidisha kwa 0.789, yaani uzito wa mililita moja ya alkoholi kwa gramu; utapata gramu za alkoholi. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina takribani gramu 20 za alkoholi. Gawanya bei kwa gramu hizo ulinganishe vinywaji.

Sasa jumlisha bei za chupa zote, kisha ongeza nauli, raundi za marafiki, ujira wa siku zilizokoswa kazini, matibabu, riba ya madeni. Wengi hukosea hapa: huhesabu chupa tu, ilhali mwenza na watoto ndio wanaolipa sehemu chungu zaidi.

Anayekunywa sana kila siku asiache ghafla, maana anaweza kupata degedege, hata kufa. Amwone daktari kwanza.