Kura ya maoni na haki za ndoa za wachache: namna ya kuipima hoja kabla ya kuiunga mkono

Kila muswada wa ndoa unapofika Bungeni Kampala, haukosi mtu wa kusimama na kusema: tuwaachie wananchi wapige kura. Hoja hiyo huvutia, maana nani atapenda kuonekana anawaogopa wananchi? Mwongozo huu ni kwa wale wanaotakiwa kuijibu: kamati ya msikiti, baraza la parokia, msaidizi wa mbunge, mwendesha kipindi cha redio, mwenyekiti wa LC 1 (baraza la kijiji). Usomeni mkiwa na Katiba ya Uganda ya 1995 mkononi, kwa sababu mabishano mengi ya jambo hili huendeshwa bila mtu yeyote kuifungua.

Fungua ibara ya 255 kwanza

Ibara hii ndiyo inayowapa raia haki ya kudai kura ya maoni juu ya suala lolote, iwe ya nchi nzima au ya sehemu moja ya Uganda. Serikali nayo yaweza kupeleka kwenye kura jambo lenye mvutano. Wengi husoma hadi hapo wakafunga kitabu. Endelea mbele kidogo: matokeo ya kura hiyo hayawezi kugusa haki na uhuru unaolindwa na Sura ya Nne, wala hayawezi kuondoa uwezo wa mahakama kuhoji uhalali wa kura yenyewe.

Sasa tazama kilichomo katika Sura ya Nne. Ibara ya 21 inakataza ubaguzi, ukiwemo wa dini na kabila. Ibara ya 29 inalinda kuabudu na kutekeleza dini. Ibara ya 31 inahusu ndoa yenyewe: umri wa miaka 18, ridhaa ya wote wawili, haki sawa ndani ya ndoa na wakati wa kuivunja. Ibara ya 36 inawapa wachache haki ya kushiriki katika maamuzi, na ya 37 inalinda utamaduni. Na kabla ya zote, ibara ya 20 inasema haki hizi ni za kuzaliwa nazo. Hazitolewi na dola. Kitu ambacho dola haikukitoa, haiwezi kukipigia mnada kwenye sanduku la kura.

Hapa ndipo hoja nyingi huishia, na tunashauri msiiharakishe hatua hii. Msomeeni mleta hoja ibara ya 255 yote, kisha mwulizeni: unachotaka kipigiwe kura kimo katika Sura ya Nne au hakimo?

Huenda akajibu kwamba anataka kuibadili Katiba yenyewe. Basi amebisha mlango usio wake. Ibara ya 260 inaorodhesha vifungu visivyoweza kubadilishwa bila kura ya wananchi, na ibara ya 31 haimo. Hiyo hubadilishwa Bungeni kwa theluthi mbili ya wabunge wote, katika usomaji wa pili na tena wa tatu. Ndivyo ilivyofanyika 2005, Bunge lilipoongeza ibara ya 31(2a) inayokataza ndoa ya watu wa jinsia moja. Hakuna aliyeitwa kituoni kulipigia kura.

Taja ndoa inayoguswa

Usikubali mjadala uendelee kwa neno "ndoa" tupu. Uganda ina mifumo kadhaa, kila mmoja na sheria yake: ndoa ya kanisani na ya serikali chini ya sheria ya 1904, ndoa ya Kiislamu chini ya sheria ya 1906, ya Kihindu ya 1961, na ya kimila, ambayo usajili wake uliwekwa kwa dikrii (amri ya serikali yenye nguvu ya sheria) ya 1973. Andika kwenye karatasi kifungu gani cha muswada kinagusa mfumo upi, na nani anaishi chini yake. Muswada unaodai kuziunganisha ndoa zote unaweza usibadili kitu kwa mtu wa kanisani, lakini ukamwondolea Mwislamu au Mhindu msingi wa sheria ya familia yake. Waislamu hawajalisahau hilo: 2005 wanawake wa Kiislamu waliandamana Kampala kuupinga muswada wa mahusiano ya nyumbani.

Mahakama za kadhi pia zitatajwa, nawe uwe tayari. Zimo katika ibara ya 129 tangu 1995, kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi. Kazi ya kuziundia sheria imekabidhiwa Bunge.

Piga hesabu mbele ya watu

Katika sensa ya 2014, Waislamu walikuwa takriban 14 katika kila Waganda 100. Chora ubaoni: hata wote 14 wakipiga kura upande mmoja bila kukosa hata mmoja, wanahitaji wengine 37 ili wafike 51. Wahindu hawafiki hata mmoja katika 100. Kwa hiyo matokeo yanaamuliwa na watu ambao kesho yake ndoa zao zitabaki vilevile.

Kisha igeuze hesabu. Kwa kuwa ibara ya 255 inaruhusu kura ya sehemu moja ya nchi, fikiria swali la ndoa likiulizwa wilaya ya Yumbe peke yake, ambako Waislamu ndio wengi. Mkristo wa Yumbe angetaka ndoa yake iamuliwe hivyo? Tumeona swali hili likituliza ukumbi uliokuwa umechemka, kwa sababu kila mtu ana mahali ambapo yeye ndiye mchache.

Wapo watakaosema basi kura ya maoni haina maana kabisa. Si kweli, wala msiseme hivyo. Novemba 1964 wakazi wa kaunti za Buyaga na Bugangaizi, zilizokuwa chini ya Buganda, waliamua kwa kura kurudi Bunyoro, na wao ndio waliokuwa wakiishi pale. Juni 2000 na Julai 2005 nchi iliulizwa kuhusu mfumo wa siasa, uwe wa vyama vingi au la, na mfumo huo ulimhusu kila mpiga kura sawasawa. Kipimo ni kimoja: anayepiga kura naye aubebe mzigo wa matokeo. Angalia pia mahudhurio. Mwaka 2005 upande wa vyama vingi ulipata zaidi ya asilimia 90 ya kura, lakini waliojitokeza hawakufika nusu ya walioandikishwa.

Lijaribu swali lenyewe

Kura ya maoni hujibiwa ndiyo au hapana. Ndoa haikatiki hivyo, na mfano mzuri zaidi tunao hapa nyumbani. Shirika la MIFUMI lilifungua shauri kuhusu mahari 2007. Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi 2010, na Agosti 2015 Mahakama ya Juu ikatenganisha mambo mawili: kutoa mahari si kinyume cha Katiba, lakini kumdai mke au wazazi wake warudishe mahari ndipo ndoa ivunjike ni kinyume cha Katiba. Jaribuni kuandika swali moja la kura ambalo lingezaa jibu hilo. "Je, unakubali mahari?" lingeshinda kwa kishindo, na mwanamke aliyefungwa katika ndoa ya mateso kwa sababu kaka yake alishaoa kwa ng'ombe wa mahari yake angebaki palepale.

Fanyeni zoezi hili: wapeni watu watano swali lililopendekezwa, kila mmoja aandike anachodhani kitabadilika likipita. Mkipata majibu matatu tofauti, swali halifai.

Mifano ya nje itumike kwa uangalifu

Ireland itatajwa. Mei 2015 asilimia 62 walikubali ndoa za jinsia moja. Ongezeni mambo mawili: Katiba ya Ireland haibadiliki ila kwa kura ya wananchi, na kabla ya kura kulikuwa na baraza la watu 100, raia wa kawaida 66 wakiwemo, lililokaa kulichambua suala. Nchi hiyohiyo ilikataa talaka kwa kura 1986, ikaikubali Novemba 1995 kwa tofauti ya kura 9,114 tu. Familia zilisubiri miaka tisa.

Croatia ilipiga kura Desemba 2013 kufunga ndoa iwe ya mume na mke pekee. Waliojitokeza hawakufika asilimia 40. California ilipitisha katazo la ndoa za jinsia moja 2008 kwa asilimia 52, mahakama zikalitengua, na 2024 wapiga kura wenyewe wakalifuta. Na Alabama, mwaka 2000, watu wanne katika kila kumi walipiga kura kulibakiza katika katiba ya jimbo katazo la ndoa kati ya Weusi na Weupe, miaka 33 baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kulibatilisha. Mfano huo wa mwisho ndio unaoeleweka haraka zaidi Uganda, kwa kuwa hakuna anayeuonea shaka.

Njia ya kushika badala yake

Andikeni waraka wa maoni kwa kamati ya Bunge inayoushughulikia muswada. Kurasa tatu hadi tano zinatosha. Tajeni kifungu kwa namba, andikeni maneno yaliyopo, kisha maneno mnayotaka yawekwe, kisha ibara ya Katiba inayowaunga mkono. Waraka unaolalamika bila kupendekeza maneno mapya huishia kwenye faili. Kabla ya kuuandika, kaeni na wanawake peke yao, maana mbele ya wakwe na wazee wengi wao hawatasema wanachoishi.

Muswada ukipita ukiwa na kasoro, ibara ya 137 inamruhusu mtu yeyote kuiomba Mahakama ya Katiba, yenye jopo la majaji watano, itamke kwamba sheria inapingana na Katiba. Si lazima awe ameumia yeye mwenyewe. Mashauri hukwama pale mleta shauri anapolalamikia kuvunjwa kwa haki bila kuonyesha kifungu kinachohitaji kufasiriwa. Shauri la namna hiyo ni la ibara ya 50, katika mahakama nyingine yenye mamlaka. Jipangeni kwa muda pia: lile la mahari lilichukua miaka minane tangu kufunguliwa hadi Mahakama ya Juu.

Wakati mnasubiri, sajilini ndoa mlizo nazo. Ya kimila husajiliwa katika ofisi ya kata ndogo, mkiwa na mashahidi wawili, ndani ya miezi sita baada ya sherehe kukamilika. Bila cheti, mjane anayedai haki yake atalazimika kwanza kuthibitisha kwamba aliolewa.