SOMO: Kutembea kwa miguu visiwa vya Guadeloupe (someni kwanza, ndipo muulize)

Wakuu, tangu niweke humu zile picha za safari yangu ya Guadeloupe, shingo ikiwa na malengelenge, sijapumua. Kila siku swali ni lilelile: nilifikaje, nilitembeaje, na shingo ilipatwa na nini. Naandika mara moja. Atakayeniuliza tena faragha nitamrudisha kwenye uzi huu.

Guadeloupe ni sehemu ya Ufaransa iliyoko Karibiani. Visiwa vikubwa ni viwili, Basse-Terre chenye milima na Grande-Terre cha tambarare, na kati yao kuna mkono mwembamba wa bahari unaovukwa kwa daraja. Pembeni wamejitenga Les Saintes, Marie-Galante na La Désirade. Pesa ni euro. Mimi nilitumia siku kumi na mbili.

1. Viza. Ni Ufaransa, lakini haimo Schengen (zile nchi za Ulaya zinazotumia viza moja). Omba viza inayotaja maeneo ya Ufaransa ya ng'ambo. Soma tena sentensi hiyo.

2. Msimu. Januari hadi Aprili ni kukavu, wenyewe wanaita *carême*. Juni hadi Novemba ni msimu wa vimbunga.

3. Viatu. Vyenye meno. Matope ya Basse-Terre hayana adabu.

4. Anza na mlima, miguu ikiwa bado mizima. La Soufrière ni volkano hai yenye mita 1,467. Kodi gari siku hiyo, pita mji wa Saint-Claude hadi Bains Jaunes, kisha panda kwa miguu, inachukua muda wa kama saa mbili hivi ukienda kwa mwendo wa kawaida. Toka alfajiri, maana wingu likishakaa kileleni utaona vidole vyako tu. Juu kunanuka mayai viza (viza hii haiombwi ubalozini). Palipozungushwa kamba usivuke, gesi ile si ya kuchezea. Mwaka 1976 mlima uliponguruma walihamishwa watu wapatao 70,000. Ukishuka, Bains Jaunes kuna birika la maji ya uvuguvugu. Tumbukiza magoti, utanishukuru.

5. Boti. Les Saintes unapandia Trois-Rivières, Marie-Galante unapandia Pointe-à-Pitre, La Désirade unapandia Saint-François. Usipange kuruka kisiwa hadi kisiwa, mara nyingi inabidi urudi kwanza kisiwa kikubwa. Boti ya La Désirade inarushwa sana: kaa nyuma, na chai nzito uinywe ukifika. Terre-de-Haut, kimojawapo cha visiwa vya Les Saintes, panda kilima cha Le Chameau, mita 309, njia ni ya lami ila imesimama kama ngazi.

6. Mti. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nisomeni taratibu.

Nilikuwa Marie-Galante, njia ya ufukweni, mvua ikanishukia ghafla. Kule Ufaransa ya Ulaya nilizoea njia za miguu kupigwa rangi nyekundu na nyeupe. Nikaona mti wenye mstari mwekundu shinani. Nikajipongeza kwamba sijapotea, nikakaa chini yake, mgongo nimeegemeza kabisa. Matone yakidondoka toka majani yakinipata shingoni na mabegani. Baada ya muda nikahisi kama mtu amenipaka pilipili mbuzi. Jioni malengelenge, usiku sikulala, ndiyo hiyo shingo mnayoiulizia.

Mti unaitwa *mancenillier*. Utomvu wake mweupe unachoma, na mvua inauosha mpaka juu yako. Ule mstari mwekundu maana yake KAA MBALI. Na si kila mti umepakwa rangi, hivyo jueni tunda: la kijani, kama tufaa dogo, linanukia vizuri, limetapakaa mchangani. Usilionje hata kwa ulimi. Usiguse jani kisha ukafikicha macho. Ukipatwa, osha kwa maji mengi bila kusugua, nenda kwa daktari. Mvua ikikukuta ufukweni, lowa tu.

---

Kipepeo88: Mkuu somo zuri. Nina Schengen ya Ubelgiji, inatosha?

Mguu Sawa: Hatua ya 1.

Kipepeo88: Lakini si umesema ni Ufaransa?

Mguu Sawa: Na sentensi ikaendelea. Waulize ubalozini, mimi sigongi mihuri.

Nahodha Mstaafu: Yaani mtu mzima anaegemea mti asioujua?

Mguu Sawa: Ndiyo, mzee wangu. Ungeuona mvua inanyesha ungeuegemea na wewe. Nimeandika ili usiuegemee.

Bi Mkandaa: Kaka, pole sana. Mbona wenyeji hawaikati? Na kivuli chake chenyewe kina sumu?

Mguu Sawa: Ahsante dada, hilo ndilo swali. Kivuli kikavu hakikudhuru, shida ni utomvu. Kuukata kuna hatari yake, na ukiuchoma moshi unaumiza macho. Halafu mizizi yake inashika mchanga usiliwe na bahari, kazi ileile ya mikoko yetu. Mnyaa unaujua, ule wa kuzungushia ua? Maziwa yake yakikuingia jichoni utalia. Ni familia moja na huu.

Bi Mkandaa: Kumbe! Bibi alitukataza kuuvunja mnyaa.

Tembo wa Mjini: nyoka je

Mguu Sawa: Wa sumu hakuna Guadeloupe. Martinique, kisiwa kingine cha Ufaransa hukohuko Karibiani, wapo.

Bi Mkandaa: Na chakula?

Mguu Sawa: Utajiona uko nyumbani. Kuna *accras*, kama bajia za samaki. Kuna *colombo*, mchuzi wa bizari uliotokana na vibarua wa Kihindi walioletwa kuanzia 1854. Ulizia nyama ni ipi kabla ya kuagiza, nguruwe wanamla. Gatini Terre-de-Haut kina mama wanauza *tourment d'amour*, kikeki chenye nazi ndani. Na shelisheli lipo kila ua, wao wanaliita *fouyapen*. Ukiingia dukani anza na "bonjour", bila hivyo unaonekana umeingia bila hodi.

Nahodha Mstaafu: Shelisheli wanalilaje?

Mguu Sawa: La kuchemsha, nililokula mimi.

Nahodha Mstaafu: Wanalipoteza. Lichome zima kwenye makaa mpaka ganda liwe jeusi, limenye, kisha litie tui zito na chumvi kidogo.

Bi Mkandaa: Babu, tui kabla ya kulikata au baada?

Nahodha Mstaafu: Baada, mwanangu. Vipande vinene, na tui liwe la moto.