Kumaliza mfarishi wa vipande vya leso: kuanzia bandi hadi pindo

Huku Lamu vipande vya leso havikosekani. Dera likishakatwa hubaki ncha, na leso iliyochakaa katikati bado ina pindo zima. Wengi wameshaunganisha vipande hivyo wakapata uso mzuri wa mfarishi (tandiko la matabaka matatu: uso, blanketi katikati, na bitana, yaani kitambaa cha chini), kisha uso ukawekwa kabatini kwa sababu kazi ya kuumaliza inatisha. Mwongozo huu unaanzia hapo: uso umeshaungwa na umepigwa pasi.

Kabla ya yote jiulize nani ataufua na ataufuaje. Mfarishi wa zawadi ya harusi huenda ukatandikwa siku za wageni tu. Wa sadaka, ukienda wodini au kwenye nyumba yenye watoto wengi, utafuliwa kila mara kwa sabuni ya kipande, utakamuliwa kwa nguvu na kuanikwa juani. Kwa hiyo huu wa sadaka ndio unaotaka mshono imara zaidi, na naumia nikiona mtu anauharakisha eti ni wa kutoa tu.

Hatua ya 1: Jaribu rangi

Leso nyekundu na nyeusi hutoa rangi. Lowesha kitambaa cheupe, usugue kila kipande. Kikitoa rangi, loweka uso wote kwenye maji baridi mengi, ubadilishe maji mpaka yawe safi, kisha uanike mara moja. Ukiurundika mbichi rangi zitaingiliana. Bitana nayo ifue kabla, maana pamba hurudi, yaani husinyaa ikifuliwa. Bitana ikirudi baada ya kushonwa, uso wote utajikunja.

Hatua ya 2: Chagua cha kuweka katikati

Hatuna baridi ya kuhitaji mfarishi mnene. Kwa usiku wa kusi, mwezi wa Julai, blanketi jembamba lililotumika linatosha kabisa. Sufi iachie mito: huteleza, na ikifuliwa hujikusanya madonge.

Kata bitana na blanketi vizidi uso kwa sentimita 8 kila upande.

Hatua ya 3: Piga bandi

Tandaza bitana sakafuni, upande mzuri chini, uinyooshe bila kuivuta. Juu yake weka blanketi, kisha uso. Pini sizipendi kwa kazi ya siku nyingi, maana hewa ya chumvi huzitia kutu na doa la kutu hutoka kwa shida. Piga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya muda, ukianzia katikati kwenda nje, mistari ikiachana kwa upana wa kiganja. Ukianzia pembeni utasukuma mikunjo yote ikutane katikati.

Hatua ya 4: Shona matabaka matatu pamoja

Tumia sindano fupi, uzi wa pamba uliopitishwa kwenye nta ya nyuki, na subana ya kukinga kidole. Funga fundo dogo, ingiza sindano kutoka juu, kisha vuta kidogo ghafla ili fundo lijifiche ndani ya blanketi. Fuata maua ya leso au mistari ya maungio, upendavyo. Mistari isiachane zaidi ya sentimita 10. Aliyezoea kushona kofia kwa mkono ataiona kazi hii nyepesi.

Hatua ya 5: Pindo

Hapa ndipo mfarishi huchakaa kwanza, basi usione tabu kukaa sana.

Nyoosha kingo zote kwa rula na mkasi mkali. Tuseme mfarishi ni sentimita 150 kwa 110: mzunguko wake ni 520, ongeza 30 za pembe na maungio. Kata kanda 4 za upana wa sentimita 6.5 kwa urefu wa leso, uziunge kwa mshono wa mshazari ili unene usikusanyike mahali pamoja. Kunja ukanda katikati kwa urefu wake, upige pasi. Pindo la tabaka mbili huishi kuliko la moja.

Anzia katikati ya upande mmoja, si penye pembe, ukiacha sentimita 20 za mkia bila kushona. Weka kingo mbichi za ukanda sawa na ukingo wa mfarishi, upande wa uso, ushone kwa cherehani milimita 7 kutoka ukingoni. Zikibaki milimita 7 kufika kwenye pembe, simama, rudisha mishono miwili na ukate uzi. Kunja ukanda uelekee juu, utengeneze mshazari, kisha urudishe chini ufuate upande mpya, mkunjo ukiwa sawa na ukingo wa juu. Anza tena kutoka ukingoni. Ukikaribia ulipoanzia, unga mikia miwili, umalizie.

Sasa geuza ukanda nyuma mpaka ufunike mstari wa cherehani, uushone kwa mkono: chukua nyuzi chache tu za bitana, sindano ipite ndani ya mkunjo. Kwa mfarishi wa sadaka, mishono iwe ya karibu karibu, na kila pembe ipite mara mbili.

Hatua ya 6: Alama na kukabidhi

Fumua bandi zote. Ukipenda kuweka alama, kata jina la leso lenye dua, kunja kingo zake, ulishone pembeni mwa bitana. Leso za mafumbo ya majirani ziache, hata rangi zikivutia. Kwa rafiki ongeza jina lako na mwaka. Kwenye sadaka mimi siandiki jina la mtu. Anayepokea asijione anadaiwa.

Kagua kama kuna sindano au pini iliyosahaulika kwa kupapasa mfarishi wote kwa kiganja, pande zote mbili. Na ukimpelekea mama aliyejifungua, mwambie wazi: mtoto asiyetimiza mwaka asilazwe na mfarishi kitandani, kwani unaweza kumfunika pua. Autandike chini, mtoto achezee juu yake akiwa macho na mtu yuko karibu.