Kupima unyevu wa udongo kwa geji ya nyutroni bila kuchimba, na chumvi yetu ya Mombasa

Vijana wengi nawaona saiti wanasoma namba kwa skrini wanaandika hivohivo, na inaniuma, maana hii mashine haioni maji, inaona haidrojeni iliyo ndani ya maji. Ndani mna amerisiamu na berili zinarusha nyutroni za kasi, zikigonga haidrojeni zinapoa, yaani kasi inapungua, na zilizopoa ndo zinahesabiwa. Ukikosea unyevu, hatari ni barabara kutitia.

Kama huna leseni ya KNRA (mamlaka ya nyuklia ya Kenya) na beji ya kupima mionzi kifuani usiguse hata kufuli ya boksi.

Hatua ya 1: asubuhi weka geji juu ya kitofali chake cha plastiki, mahali peupe, washa hesabu ya dakika 4 na usogee kando. Linganisha na wastani wa hesabu 4 zilizopita, upande wa unyevu ukipishana zaidi ya asilimia 2 rudia. Siku moja kule Dongo Kundu hesabu ikapanda, narudia, iko juu vilevile, nishaanza kusema geji imekufa, kumbe bauza ya maji imepaki nyuma yangu hatua tatu, maji yake yanarudisha nyutroni. Ilipoondoka tu namba ikakaa sawa.

Hatua ya 2: lainisha mahali, vishimo vijaze mchanga mwembamba, geji ilale bila kuchezacheza. Soma dakika 1.

Hatua ya 3, na hapa pwani ndo penyewe. Mchanga wa karibu na bahari una chumvi, klorini yake inameza nyutroni zilizopoa kabla hazijahesabiwa, kwa hivo namba inakuja ndogo kuliko ukweli. Udongo wa mfinyanzi ni kinyume, una haidrojeni yake yenyewe, namba inapanda. Chota sampuli palepale ulipopima, tia kwa mkebe wenye kifuniko, pima uzito, weka kwa oveni nyuzi 110 usiku kucha, pima tena. Ukishatoa uzito wa mkebe, mbichi gramu 540, kavu 500, maji ni 40, gawanya kwa ile kavu jamani sio mbichi, unapata asilimia 8. Geji ilisema 6.5? Basi inapunja 1.5. Fanya sehemu kadhaa, chukua wastani wa tofauti, ingiza kwa geji kama masahihisho. Lori zikianza kuleta mchanga wa machimbo mengine, anza upya.

Ukimaliza, fimbo ya mionzi ya geji kama uliishusha irudishe juu, hakikisha imefunga, piga kufuli, andika daftari.