Kutoka Mwambao hadi Point Lenana Bila Kuugua Mwinuko

Anayeishi Likoni, Kisauni au Mtwapa hulala karibu na usawa wa bahari mwaka mzima. Safari za Mlima Kenya za wikendi ndefu zinazouzwa Mombasa mjini humtoa hapo Alhamisi, na Jumamosi usiku anajikuta kambi ya Shipton's, mita 4,200 juu ya bahari, kichwa kinagonga na chakula hakipiti. Ratiba ya namna hiyo huangusha hata watu wenye afya njema, na dawa yake ya kwanza ni kuongeza siku.

Hewa ina oksijeni asilimia 21 pale Mama Ngina, ufukweni Mombasa, na kileleni pia. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi: Shipton's unapata kama asilimia 60 ya uliyozoea, na Point Lenana, kilele ambacho wapandaji wa miguu hufikia, mita 4,985, ni nusu na kidogo tu. Mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka zaidi na kwa figo kubadilisha kemia ya damu, kazi inayochukua siku kadhaa. Mazoezi hayaiharakishi. Kijana anayekimbia Nyali hadi Shanzu kila alfajiri anaweza kuugua kabla ya mjomba wake mwenye kitambi, kwa sababu ana pumzi za kumfikisha juu mapema mno.

Hesabu mahali pa kulala

Kanuni ni hii: ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana, na kila baada ya siku tatu au nne lala mahali pale pale usiku wa pili. Mchana unaweza kupanda juu zaidi, mradi ushuke kulala.

Kambi za Mlima Kenya hazikupangwa kwa hesabu hiyo. Njia ya Sirimon ina Old Moses mita 3,300, kisha Shipton's 4,200, pengo la mita 900. Naro Moru ni kali zaidi: Met Station 3,050, halafu Mackinder's 4,200. Pengo hilo linafidiwa kwa kulala mara mbili kambi ya chini kabla ya kulivuka.

Kwa Sirimon, tunapendekeza hivi. Siku ya kwanza panda treni kituo cha Miritini, ulale Nairobi, ambako tayari uko karibu mita 1,700. Siku ya pili nenda Nanyuki, mita 1,950, ulale. Siku ya tatu tembea kutoka lango la Sirimon, mita 2,650, hadi Old Moses, kilomita 9 hivi. Kuna barabara ya gari mpaka kambini. Usikubali kupandishwa nayo. Siku ya nne panda mita 300 au 400, kaa saa moja, rudi kulala Old Moses. Siku ya tano nenda Shipton's. Siku ya sita pumzika hapo, utembee kidogo tu. Siku ya saba ondoka saa tisa usiku kwenda Lenana, kisha ushuke siku hiyo hiyo. Ukilazimika kukata siku moja, kata ya Nairobi. Usiguse usiku wa pili wa Old Moses.

Wanaovuka mpaka wa Taveta na Holili kwenda Kilimanjaro wanahitaji ukali zaidi, maana kilele chake, Uhuru, ni mita 5,895. Njia ya Marangu huuzwa kwa siku tano au sita. Chukua sita, ile ya ziada ulale tena kambi ya Horombo, mita 3,720. Kutoka hapo hadi kambi ya Kibo ni kupanda mita 1,000 nzima.

Kabla ya kuondoka Mombasa

Pima selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Pwani vinasaba vyake vimeenea, na wengi wanavyo bila kujua. Mwenye ugonjwa wenyewe asipande. Aliyerithi kwa mzazi mmoja tu kwa kawaida haumwi, lakini juu huko bandama lake linaweza kukosa damu. Azungumze na daktari kwanza, na akisikia maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ashuke bila kungoja. Wajawazito na wenye matatizo ya moyo au mapafu nao wamwone daktari.

Dawa ya kinga ni asetazolamidi, inayojulikana zaidi kama Diamox. Daktari akikuandikia, kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 125 asubuhi na 125 jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Kwa ratiba ya hapo juu, hiyo ni siku ya Nanyuki. Vidonge vingi ni vya 250, hivyo utakata nusu. Endelea hadi uanze kushuka. Vidole vitawashawasha, utakojoa sana, na soda itapoteza ladha. Hayo si ya kutisha. Aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa za salfa asiitumie bila idhini ya daktari.

Nunua mavazi ya baridi soko la Kongowea kwenye mitumba: koti zito, glavu, kofia ya sufu, suruali ya ndani ya kubana. Shipton's usiku hushuka chini ya sifuri, na baridi huongeza mzigo kwa mapafu.

Muguka na miraa viache nyumbani. Vinaua hamu ya kula, vinakatiza usingizi na kuharakisha moyo, yaani vinaleta juu ya mlima taabu zile zile unazozikwepa. Pombe na vidonge vya usingizi ni hatari zaidi, maana hupunguza kupumua ukiwa umelala.

Mlimani

Tembea mwendo unaokuwezesha kuzungumza sentensi nzima bila kukatika. Kunywa lita tatu hadi nne kwa siku, kidogo kidogo. Mafuta hayapendezi tumboni ukiwa juu, kwa hiyo beba tende, kashata na halwa, na ule hata usipotamani. Usiku unaweza kumsikia mwenzako akisitisha pumzi kwa sekunde kadhaa kisha akivuta kwa nguvu. Hilo peke yake si ugonjwa.

Dalili huanza kwa kawaida saa sita hadi kumi na mbili baada ya kufika: kichwa kuuma, pamoja na kichefuchefu, kizunguzungu au uchovu usioisha kwa kupumzika. Kila jioni, kabla ya chakula, kagueni kila mmoja. Muulize kuhusu kichwa na tumbo, halafu mwashieni tochi atembee hatua kumi kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Kipimo hiki ni muhimu kwa sababu watu huficha dalili. Wamelipa pesa nyingi na hawataki kurudishwa. Miguu haijui kudanganya.

Kichwa kikiuma, usipande zaidi. Kunywa maji, meza panadol gramu moja, lala hapo ulipo. Kikipona, endelea kesho. Kikizidi, shuka.

Mwenzako akipepesuka, akiongea ovyo au akiwa mgumu kuamka, ubongo umevimba. Akihema hata akiwa ameketi, akikohoa kwa unyevunyevu au kutema povu lenye wekundu, mapafu yamejaa maji. Hili hupenda kutokea usiku wa pili baada ya kufika kambi mpya. Yote mawili huua kwa saa chache. Ashushwe mara moja, hata kama ni usiku na mvua inanyesha, angalau mita 300 na hadi 1,000, na watu wawili wa kumshika. Asiachwe ashuke peke yake. Mwongozaji mwenye mtungi wa oksijeni autumie wakati mnashuka. Dawa za deksamethasoni kwa ubongo na nifedipini kwa mapafu husaidia zikitolewa na anayezijua, ila hazichukui nafasi ya kushuka.

Aliyekuwa na kichwa tu anaweza kupanda tena akishapona kabisa bila dawa za maumivu. Aliyepepesuka au kuhema akiwa ameketi hapandi tena safari hiyo, hata akiamka asubuhi anacheka. Apelekwe hospitali Nanyuki.