Somo: Kahawa nzuri ukiwa safarini, kwa kikombe, kijiko na maji ya moto

Wengi hudhani kahawa ya safarini huharibiwa na kukosa mashine. Sivyo. Mara nyingi huwa imeshaharibika kabla maji hayajachemka: ama ilisagwa wiki kadhaa nyuma, ama maji yenyewe ni mabovu. Ukiyashika hayo mawili, kikombe cha gesti na kijiko vinatosha. Inauma kumwona mtu wa Mbozi au Nyeri, aliyekulia katikati ya mibuni, akifika ugenini anakunywa maji ya rangi kwa sababu tu hakutia vitu vichache kwenye begi.

Vya kubeba

Buni iliyokaangwa, nzima, haijasagwa. Angalia tarehe ya kukaangwa kwenye pakiti, si ile ya mwisho wa matumizi. Siku chache za kwanza bado inatoa hewa nyingi na ladha haijatulia. Kuanzia wiki ya kwanza hadi kama mwezi mmoja ndipo ilipo kwenye ubora wake. Ikishasagwa, harufu huanza kupotea saa hiyohiyo, na baada ya siku chache kinachobaki ni uchungu.

Mashine ndogo ya kusagia ya mkono, ile inayoshikika kiganjani. Hiki ndicho kifaa pekee ambacho ningesema tumia pesa. Chagua yenye meno ya kusaga yanayorekebishika, kwa sababu zile za visu vinavyozunguka hukatakata ovyo: unapata vumbi na vipande vikubwa kwa pamoja, kisha kikombe kimoja kinakuwa kichungu na kichachu kwa wakati mmoja.

Mizani ndogo ya gramu, kama nafasi ipo. Ikiwa haipo, pima nyumbani gramu 15 za buni mara kadhaa na uzifunge kwenye vikopo vidogo vyenye mfuniko wa kusokota, kila kikopo kikombe kimoja. Usitegemee mifuko ya plastiki ya kubebea. Tanzania iliipiga marufuku Juni 2019, Kenya Agosti 2017, na Rwanda ilitangulia wote.

Maji

Kikombe cha kahawa karibu chote ni maji. Sehemu nyingi za Dar es Salaam na Zanzibar maji ya kisima yana chumvi, na hakuna buni itakayoshinda chumvi hiyo. Nunua maji ya chupa na usome kibandiko: tafuta jumla ya madini yaliyoyeyuka, na chagua yenye miligramu kati ya 75 na 150 kwa lita. Yakizidi sana kahawa inafubaa, na yakiwa hayana madini kabisa inakuwa na uchachu mkali usio na utamu. Chupa ya lita moja na nusu inatoa vikombe sita.

Kisha fungua jagi la umeme la chumbani na uchungulie ndani. Ukiona ukoko mweupe sakafuni na vipande vinavyoelea kama magamba, kamulia ndimu nusu, jaza maji ya bomba, chemsha, acha dakika kumi, mwaga, suuza mara mbili. Hata likiwa safi, chemsho la kwanza limwage. Hujui aliyetangulia alichemshia nini humo.

Hatua kwa hatua

1. Saga gramu 15. Punje ziwe kama sukari ya kawaida ya dukani, si kama unga.

2. Pasha kikombe kwa maji ya moto, kisha yamwage. Kikombe baridi kinameza joto ambalo kahawa inalihitaji. Kikombe kiwe cha mililita 300 hivi. Vya hotelini vingi ni vidogo, kwa hiyo kama kinaingia maji mililita 165 tu, tumia gramu 10.

3. Pima mililita 250 za maji. Chupa ya nusu lita ikiwa nusu ndiyo kipimo chako. Chemsha. Kwa buni iliyokaangwa kidogo au wastani, mimina mara tu yanapotokota. Kwa iliyokaangwa hadi kuwa nyeusi na kung'aa mafuta, subiri dakika moja kwanza.

4. Mimina yote kwa mkupuo, ukizungusha mkono ili kila punje ilowe. Funika kwa kisahani. Usikoroge.

5. Dakika nne. Ukifunua utaona tabaka nene la machicha limefunga juu, na kama kahawa haijakaa muda mrefu tangu ikaangwe, limevimba na kupasuka kidogo katikati. Sukuma tabaka hilo kwa mgongo wa kijiko mara tatu, taratibu, kutoka upande wako kwenda upande wa pili. Harufu inayopanda hapo ndiyo kipimo cha kweli cha buni yako. Machicha mengi yatazama yenyewe. Povu na punje zinazobaki juu, ziondoe kwa vijiko viwili.

6. Subiri tena dakika nne au tano. Watu wengi huruka hatua hii, halafu wanalalamika kuwa kahawa ina mchanga. Machicha yakishatulia chini, na maji yakiwa yamepoa, hayatoi tena uchungu wa maana, kwa hiyo hofu ya "itakaa sana" haina msingi hapa.

7. Kunywa bila kukitikisa kikombe, na mafunda mawili ya mwisho yaache.

Ikikosea

Ikiwa chachu na nyepesi, kama maji ya ndimu yaliyopoa, saga laini zaidi au hakikisha maji yanachemka kweli. Ikiwa chungu na inakausha ulimi, saga nene zaidi. Rekebisha kitu kimoja tu kila unapotengeneza. Ukibadili usagaji na kipimo kwa pamoja hutajua kilichosaidia.

Mwenye chujio la umbo la koni na karatasi yake atumie vipimo vilevile, ila asage laini kidogo zaidi. Suuza karatasi kwa maji ya moto, mimina mililita 45, subiri sekunde 40, kisha malizia maji kwa awamu mbili. Yote yaishe kuchuruzika karibu dakika tatu.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi sina mizani wala mashine ya kusagia, na safari ni kesho.

Jibu: Marahaba. Nunua kwa muuzaji anayesaga mbele yako, mwambie asage nene, na ununue ya siku nne au tano tu. Ifunge kwenye kopo lililojaa hadi juu ili hewa isibaki nafasi. Kipimo: vijiko vitatu vya supu vilivyosawazishwa kwa kisu ni karibu gramu 15. Kijiko cha kilima hakipimiki, leo kinakupa gramu 7, kesho 10.

Swali: Mkuu, nasafiri kwa basi la alfajiri. Nikiweka kahawa kwenye chupa ya chai, kufika saa nne inakuwa chungu ajabu. Kwa nini?

Jibu: Mambo mawili. La kwanza, unaiweka pamoja na mashapo. Kwenye chupa joto halishuki na basi linatikisa, kwa hiyo machicha yanaendelea kutoa uchungu njia nzima. Ichuje kwa karatasi au kitambaa kabla ya kuimimina. La pili ni chupa yenyewe. Iliyozoea chai ya maziwa hubaki na harufu kwenye mfuniko na mpira wake, basi fungua mpira uuoshe peke yake. Ndani tia kiganja cha mchele mkavu na maji ya moto kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza. Ipashe kwa maji yanayochemka dakika tano kabla ya kutia kahawa. Hata hivyo inywe ndani ya saa mbili au tatu.

Swali: Tunapanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu. Kahawa ya huko juu hainogi, ni baridi iliyochanganyika na uchovu?

Jibu: Ni maji, ndugu. Kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha kuchemka kinashuka kwa nyuzi 1. Dar maji huchemka kwa 100, Nairobi kwa 94 hivi, kambi ya Horombo, mita 3,720, kwa 88, na kambi ya Kibo, mita 4,720, kwa 84 au 85. Yanatokota mbele ya macho yako lakini hayana joto la kutosha kuitoa ladha. Basi ongeza kahawa hadi gramu 18 kwa mililita 250, saga laini zaidi, na acha dakika sita badala ya nne, kikombe kikiwa kimefunikwa na kuviringishwa soksi au skafu. Mwombe mpishi maji yanayotokota jikoni, si yale ya chupa ya chai yaliyokaa mezani. Na chukua buni iliyokaangwa zaidi kidogo, inatoa ladha kirahisi kwenye maji ya namna hiyo.

Swali: Nahamia Marekani kwa miezi sita. Nibebe jagi langu la umeme na kahawa yangu ya Mbinga?

Jibu: Jagi liache. Umeme wa kule ni volti 120, karibu nusu ya wetu, kwa hiyo jagi la wati 2,000 litafanya kazi kwa wati 500 hivi, robo tu, na lita moja itakuchukua zaidi ya dakika kumi. Na ukirudi na jagi la kule, usilichomeke hapa hata kwa adapta. Adapta hubadili umbo la plagi tu, jagi litaungua. Kahawa iliyokaangwa ibebe, ikiwa buni nzima. Iliyosagwa huhesabiwa kama poda, na kwenye ndege za kwenda Marekani poda inayozidi mililita 350 katika begi la mkononi hufanyiwa ukaguzi wa ziada na inaweza kukataliwa. Itie kwenye begi kubwa.

Swali: Niko Maskati kikazi, hotelini. Nataka kahawa ya iliki kama ya nyumbani, ila hakuna jiko. Niichemshie kwenye jagi?

Jibu: Usifanye hivyo dada. Kahawa inashika sakafu ya jagi na kuungua, itafurika kwa povu, na harufu ya iliki haitatoka tena humo. Tumia chupa ya chai. Ipashe, tia gramu 20 za kahawa iliyosagwa nene na punje tatu za iliki zilizopondwa pamoja na ganda, mimina mililita 400 za maji yanayochemka, funga, acha dakika kumi na tano. Mimina taratibu kupitia kitambaa cha pamba. Kitambaa hicho kichemshe mara moja kabla ya matumizi ya kwanza kitoe wanga wa dukani, baadaye kioshe kwa maji ya moto tu bila sabuni, na usikikunje kikiwa na majimaji. Kikianza kunuka uchachu, kichemshe tena dakika kumi, na kama harufu haikutoka, kitupe.