Kusoma Torati ya Juma na Kujenga Kibanda: Hatua kwa Hatua kwa Mkristo

Wakristo wengi wanaotaka kujifunza masomo na sikukuu za Kiyahudi huanza na sikukuu, wakanunua kondoo wa Pasaka, wakachoka mwaka huohuo. Anza na kusoma. Mambo ya Walawi 23 imo ndani ya masomo, hivyo sikukuu zitakukuta njiani.

1. Pata kalenda. Wayahudi wamegawa vitabu vitano vya Musa mafungu 54. Kila fungu huitwa parasha. Chagua kalenda ya walio nje ya Israeli, maana kuna majuma hupishana na ile ya Israeli. Mzunguko huanza upya baada ya Vibanda, sikukuu ya siku saba ambayo Wayahudi hula vibandani. Mwaka 2026 Sabato ya Mwanzo 1 ni Oktoba 10. Usiingoje. Ingia palipofikiwa juma hili.

2. Gawa siku saba. Sinagogi husoma kila fungu kwa sehemu saba, basi soma moja kila siku kuanzia Jumapili. Siku ya Sabato ongeza haftara, yaani somo la manabii. Fungu la kwanza, Mwanzo 1:1 hadi 6:8, linakwenda na Isaya 42:5 hadi 43:10. Ukiona namba hazilingani na Biblia yako usishtuke: Malaki ya Kiebrania ina sura 3, yetu ina 4.

3. Injili ije mwisho. Mimi husoma Yohana 1 pamoja na Uumbaji, na Mathayo 24 kuanzia mstari wa 37 pamoja na Nuhu. Lakini siku sita za kwanza nabaki na Musa tu. Ukikimbilia kumtafuta Yesu katika kila mstari, hutasikia Musa anasema nini. Na Yesu mwenyewe alikuwa na desturi ya kuingia sinagogi siku ya Sabato (Luka 4:16).

4. Hesabu siku tangu jua kuzama. Mwaka wangu wa kwanza niliona tarehe kwenye kalenda, nikaandaa chakula jioni yake. Kumbe sikukuu iliingia jana! Aibu kwangu, kwa sababu pwani tumekua tukisikia wazee wakisema usiku wa Ijumaa, na maana yao ni Alhamisi jioni.

5. Jenga kibanda. Pasaka yako ya kwanza isome tu, Kutoka 12 na Luka 22. Taratibu za meza ya Kiyahudi ni mali ya wenyewe. Ukialikwa, nenda kama mgeni. Vibanda ndiyo sikukuu ya kuanzia, na vifaa tunavyo.

Simamisha nguzo mahali pa wazi, si chini ya mwembe wala barazani. Kuta mbili kamili na kipande cha ya tatu zinatosha. Paa liwe la kitu kilichoota ardhini kikakatwa: bati na turubai hapana, makuti ndiyo. Usimwite fundi wa kuezeka, atakuzibia kila tundu. Tandaza makuti yasiyosukwa, kivuli kizidi jua, lakini usiku nyota zionekane.

Kula humo siku saba. Sabato ya katikati Wayahudi wengi husoma Mhubiri. Wewe ongeza Yohana 7, Yesu alipopanda Yerusalemu kwa sikukuu hiihii. Na vuli ikiwahi? Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, inaruhusu kuingia ndani mvua ikifikia kuharibu uji. Chukua bakuli lako uingie.